Shahidi wa Shoka la Mjomba

Ipo Ijumaa moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka hutamani ardhi ipasuke nijifiche. Ilikuwa miaka ya hamsini, mkoloni angali madarakani, nami ni kijana wa miaka ishirini nikijifunza uhunzi kwa Fundi Bakari, hapo Msambweni. Aliyenipeleka kwake ni Mjomba Ali wa Bodo, mkata boriti za mikoko. Unajua kwetu Wadigo mjomba si mtu wa kuchezea. Alinishika mkono, akamwambia fundi, "Huyu ni wangu. Akikosea, nimekosea mimi."

Tulikuwa tukifua mashoka kwa springi za malori mabovu. Shoka likitoka motoni na kuzimwa majini huwa gumu, lakini ni ugumu wa sahani: likipigwa, hupasuka. Kwa hiyo hurudishwa kwenye moto mdogo, polepole, mpaka lipate kuhimili pigo. Na utajuaje kama limehimili, ilhali huwezi kulivunja shoka la watu ukaone ndani? Fundi Bakari alikuwa na desturi yake. Kila chuma alichofulia shoka alikikata pia kipande chembamba mfano wa kidole, kikapita moto uleule na maji yaleyale. Kipande hicho tulikiita shahidi. Mwisho shahidi hubanwa kwenye jiliwa, akapigwa nyundo. Akipinda kwanza ndipo akavunjika, shoka ni zima. Akikatika kwa pigo moja, kazi yote huanza upya. Halafu hufungwa uzi na kutundikwa ukutani, na alama ya mwenye shoka.

Ijumaa hiyo nilimfulia mjomba shoka, peke yangu kwa mara ya kwanza, na nilitaka nisifiwe. Vijana wa Bodo walikuwa wakisema shoka la kweli ni lile ambalo tupa huteleza juu yake isilikwaruze. Basi nikalipika motoni kupita kiasi, na ule moto mdogo nikaupitisha harakaharaka. Tupa ikateleza kweli. Nikatabasamu peke yangu, mjinga mimi. Nikambana shahidi, nikampiga, akakatika kama biskuti kavu.

Mjomba alikuwa ameketi barazani, ameshatawadha, na baada ya swala alikuwa arudi Bodo. Kuanza upya kungekuwa kumwambia asubiri hadi kesho, tena kwa kuwa mpwa wake ameshindwa. Sikuweza. Pembeni palikuwa na shahidi wa chuma kingine, aliyevunjika vizuri, hajatundikwa bado. Nikamchukua, nikampelekea fundi.

"Ndiye wa shoka hili?" akaniuliza.

"Ndiye, fundi."

Mjomba akanisifu mbele za watu, akalitia shoka begani, akaenda zake.

Njia ya mwongo fupi. Siku ya nne habari ikatufikia kwamba shoka limepasuka kwenye fundo la mkoko, na kipande kimemwingia mjomba jicho la kushoto.

Fundi hakunifokea. Alimtungua yule shahidi ukutani, tukashika njia ya Bodo. Tulimkuta mjomba kitandani, macho yote mawili yamefungwa kitambaa, na kando yake kile kipande cha shoka kilichobaki. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba kwa furaha, akaniuliza kama nimekula. Mwanangu, swali hilo liliniuma kuliko tusi. Fundi akamtilia mjomba shahidi katika mkono mmoja na chuma cha shoka katika mkono wa pili. Mjomba akapitisha kidole gumba mahali palipovunjika. Shahidi alikuwa laini. Shoka lilikuwa chengachenga kama chumvi ya mawe.

"Hivi si vya tumbo moja," akasema. Kisha akageuza uso upande wangu. "Ulijua?"

"Nilijua, mjomba."

Akamwita mkewe aniletee wali, maana nimetoka mbali. Nilikula nikilia.

Jicho halikupona. Mjomba aliishi miaka mingi na jicho moja, na hakumwambia mtu sababu. Walimwengu walidhani ni ajali ya kazi, nami nikawaacha wadhani hivyo. Hiyo ndiyo aibu yangu ya pili, na leo ndiyo mara ya kwanza kuitoa kinywani. Fundi hakunifukuza, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini tangu siku ile, kila shahidi wangu nilimvunja mbele ya mwenye shoka, hadi nilipozeeka.

Basi nisikilize. Ugumu si uzima. Kitu kinaweza kuishinda tupa na bado kisihimili pigo moja, na binadamu ni vivyo hivyo. Ukijaribu kazi yako ikavunjika, usitafute kipande kizuri cha kuonyesha watu. Sema imevunjika, uvumilie kucheka kwao, urudi motoni. Mimi nilikimbia haya ya siku moja, nikanunua haya ya umri mzima, na aliyelipa ni mtu aliyesema kosa langu ni lake.

Mwenyezi Mungu akubariki mikono, mwanangu. Kila chenye kasoro akuvunjie mikononi mwako mwenyewe, kabla hakijamfikia anayekuamini. Amina.