Mpaka Hauvutwi kwa Kipanya

Mwanangu, jana nilikuona ukivuta mstari wa mpaka kwa kipanya cha kompyuta, nikaweka kikombe cha chai chini kwa hasira. Hasira ile haikukuhusu wewe peke yako. Naikumbuka siku iliyoizaa, miaka ya tisini ikielekea mwisho, nilipokuwa kijana mchora ramani katika ofisi ya mradi wa maji mjini Kisii.

Mradi ulikuwa ukijengea kwa saruji chemchemi za wilaya jirani ya Nyamira tu. Mpaka wa wilaya ulitujia kwenye disketi, na tulipoufungua juu ya ramani yetu ukawa kitone kimoja pembeni. Mpaka ulipimwa kwa digrii, ramani yetu kwa mita. Nikamwambia mkubwa wangu tuieleze kompyuta hivyo, iubadilishe yenyewe.

“Wacha maneno mingi,” alisema. Akaukamata kwa kipanya, akaukuza, akauvuta hadi ukakaa pale alipoukadiria kwa macho, karibu na mji wa Kisii. “Si umeona? Imekaa sawa.”

Na mimi, mwenye mdomo wote huu, nikaichapisha ramani.

Kule Ikonge, ndani ya Nyamira, haikukaa sawa hata kidogo. Chemchemi ya Mama Moraa, mkulima wa chai, ilitupwa nje ya Nyamira, basi ikaachwa. Alikuja ofisini na chupa ya maji ya kahawia, akaiweka juu ya ramani.

“Tata,” akaniita, yaani baba kwa Kikisii, “mjukuu wangu ako hospitali na taifodi. Hiyo laini yako ndiyo inakunywa hii maji?” Akaniangalia. “Na wewe ulikuwa umekaa tu hapo ukiona?”

Nilirudia kazi vile nilivyotaka tangu mwanzo. Kwenye ramani chemchemi ikarudi Nyamira mara moja, lakini saruji ilikuwa imekwisha. Mkubwa wangu akacheka, eti makosa ni ya kawaida. Sijamsamehe! Mama Moraa aliendelea kuchota maji yale yale.

Sasa nisikilize. Faili ya mpaka ikikataa kukaa, uliza kwanza ilipimwa kwa kipimo gani, uiambie kompyuta, ndipo uibadilishe. Kisha ilinganishe na madaraja na makanisa unayoyajua, huku na huko, si mjini tu. Usipojua, sema hujui. Lakini usivute, maana kuna watu wanaishi chini ya mstari huo.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe mkono usio na pupa, na akupe mdomo wa kumkatalia mkubwa wako wakati ungalipo.