Siku Mjukuu Wangu Alipoyamulika Meno Yangu

Mjukuu wangu anasomea udaktari wa meno. Siku ya kupimwa na mwalimu wake alitakiwa aje na mgonjwa. Akifaulu ataruhusiwa kutibu peke yake, akishindwa arudie mwaka. Nkamwambia mgonjwa ndo mie, unamtafuta nani tena?

Tukenda hospitali. Kuna kijitaa kinawekwa ubavuni mwa jino, mwanga unapita ndani, na jino linaonekana kwenye kompyuta. Si eksirei, hakina miale ya kudhuru, hata mja mzito anamulikwa. Palipo pazima panang'aa, palipooza panafanya kivuli. Mie sijui kusoma, lakini hayo mjukuu wangu kanisomesha jikoni mpaka nimeyahifadhi kama Alhamdu.

Sasa roho ilikuwa ikinidunda kwa ajili yake. Pale nje ya mlango nkajitilia tambuu mdomoni, jani na popoo na chokaa, ndogo tu, nitulie.

Kulala kitini, jino la kwanza giza. La pili giza. Mwalimu wake, mama mmoja anaesemea puani: "Mmh. Bi mkubwa, haya meeeno yameoooza. Mwanafunzi, tung'oe?"

Mjukuu wangu akainama akaninusa kama paka aliyeona samaki. Na kile kisauti chake chembamba: "Bibi, umetafuna?"

"Mie? Sjatafuna kitu." Na midomo myekundu.

"Mwalimu, siwezi kusema yameoza kabla sijayasugua."

Akasugua ile rangi ya tambuu, akanisukutuisha, akamulika tena. Mwanga ukapita. Meno mazima, ila vichwa vimesagika, akasema, kwa miaka ya kutafuna popoo. Hakuishia hapo. Katikati ya magego mawili ambayo hayajaniuma hata siku moja, akaonesha kivuli, kidogo kama chembe ya ufuta.

"Hapa ndo panaanza kuoza, Mwalimu. Kwa macho hapaonekani. Hapang'olewi, panazibwa."

Mwalimu akavaa miwani, akatazama, akatazama tena. "Ziba," akasema, puani. "Na anaefuata muite mwenyewe. Mie nnakwenda kunywa chai."

Nshazibwa, nkatoka nkakaa benchini na wagonjwa wenzangu. Sikuwa na la kungoja, lakini nani ataniondoa pale? Kila aliyeshika shavu nkamwambia, usiogope, huyo mle ndani ni wangu.

Mara nkamsikia: "Anaefuata, karibu." Sauti nene, imetulia, sjapata kuisikia kwake. Mie naigiza sauti za watu wa mtaa mzima wa Kikwajuni, lakini hiyo mpaka leo najifunza.