Nilidhani Beshte Ni Jina

Juzi pale Donholm, msichana wa shule alimwita mwenzake, "Beshte!" Nami niligeuka kabla sijajizuia.

Nilipokuwa mdogo, mtaani Mbotela, msichana wa rika langu alihamia nyumba ya jirani. Nilimuuliza anaitwa nani, akajibu akicheka, "Mimi ni beshte yako." Sikujua kwamba hilo ni neno la Kiingereza, best friend, yaani rafiki wa karibu, lililofinyangwa na vijana wa mtaani. Nilidhani ni jina lake, nikamwita hivyo siku zote tulizocheza pamoja. Ukubwani nilisoma kwamba neno friend, katika Kiingereza cha kale, lilimaanisha mtu anayependa.

Kisha Beshte akaugua, akapelekwa hospitali. Alasiri moja kina mama walijaa kwao. Kulinuka mafuta ya taa na leso zilizolowa mvua. Walikuwa wakilia, "Akinyi! Akinyi wetu!" Nilimhurumia huyo Akinyi, nikidhani ni mtoto nisiyemjua, nikaketi mlangoni na nusu ya mandazi niliyomwekea rafiki yangu.

Mama yake akatoka, macho mekundu.

"Unangoja nani, mwanangu?"

"Beshte. Akirudi kutoka hospitali tutacheza."

Hakunirekebisha. Aliketi kando yangu kwenye saruji baridi, akanishika mkono, nasi tukatazama njia pamoja mpaka mama yangu alipokuja kunichukua.