Miwani ya Jumapili na Darubini ya Angani

Mama yangu alikuwa anaona Jumapili tu. Nikisema hivi watu hudhani natania, na mimi sitanii. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani. La kulia alipasuliwa Bungoma katika miaka ya themanini, akatolewa mtoto wa jicho, akapewa miwani yenye vioo vinene kama kitako cha chupa ya soda. Muuguzi akamwambia aitunze sana. Basi Mama akaitunza jinsi alivyotunza kila kitu kizuri alichopata maishani: akaifunga kwa kitambaa, akaiweka ndani ya sanduku pamoja na viatu vya kanisa na leso mpya ambayo hakuwahi kuifunga. Jumapili anaivaa, anaimba akifuata kitabu cha nyimbo mstari kwa mstari, anarudi nyumbani, na kabla hajavua viatu miwani imesharudi sandukuni.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema itaisha nguvu. Kwetu, mawe ya redio yakichoka, tulikuwa tunayaanika juani ili yapate uhai kidogo tusikie taarifa ya habari, na siku moja nilimkuta ameianika miwani papo hapo kwenye ungo, katikati ya mawe. Nilicheka, halafu nikakasirika, maana hasira yangu mimi haina breki. Nikamwambia kioo si betri.

"Wewe ni daktari?" akaniuliza.

Nilikuwa fundi wa nguo, na cherehani yangu ilikaa kwenye veranda ya duka moja pale Kitale mjini, nilikokuwa naishi. Lakini kila nilipomwona akipapasa ukuta wa nyumba yake mwenyewe siku ya Jumanne, na macho yake yamelala kwenye sanduku, nilitamani kupiga kelele.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini redio ilitangaza kwamba Wamarekani wamerusha darubini kubwa angani, inazunguka dunia ikipiga nyota picha. Baada ya muda redio hiyo hiyo ikasema darubini yenyewe haioni vizuri, kioo chake kilichongwa vibaya. Pale verandani tulicheka mpaka cherehani zikasimama. Ati wazungu wametuma kipofu akawatazamie nyota. Nilipompelekea Mama habari hiyo nikidhani atacheka, alisema tu, "Pole yake," kama mtu aliyeambiwa kwamba jirani amelazwa.

Mwaka ambao nataka kuusimulia ni wa katikati ya miaka hiyo ya tisini, mahindi yakiwa yameshavunwa. Siku moja Mama alikuwa anatia mafuta taa kwenye koroboi. Ilikuwa siku ya kazi, kwa hiyo hakuwa na miwani. Akakosa tundu, mafuta yakamwagika karibu na jiko, moto ukashika. Ukuta mmoja wa jikoni uliungua pamoja na kipande cha paa. Mama alipona, tunashukuru Mungu, leso yake ndiyo iliyoungua pindo.

Kaka yangu mkubwa alikuwa na mashine ya kusaga unga huko Bungoma. Aliposikia alikuja siku ya pili yake, akatazama jikoni, akasema Mama hatakaa peke yake tena. Krismasi ikipita angekuja na pikapu amchukue akaishi kwake, nyumba ifungwe na shamba likodishwe. Hakuwa mtu mbaya kaka yangu. Alikuwa ameogopa, na yeye akiogopa hutoa amri. Nilimjibu vibaya, akanijibu vibaya zaidi, tukaachana bila kuagana. Mama hakumbishia. Jioni tu ndipo aliponiambia, "Huko nitakaa kwa kiti kama mgeni, niwe naulizwa kama nimeshiba." Alikuwa amelima shamba lile tangu tukiwa wadogo, na baba yetu amezikwa hapo nyuma ya migomba. Machozi yake yalinichoma kuliko maneno ya kaka.

Wiki hizo hizo ndipo picha ya ile darubini ilipofika Kitale. Muuza magazeti wetu alikuwa anatandaza magazeti chini, na watu wanainama kusoma vichwa vya habari bila kununua, huku akiwaambia wasome kwa macho, wasisome kwa mikono. Siku hiyo hakusikika, maana watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Ukurasa mmoja ulikuwa na picha ya rangi: nguzo tatu za wingu jeusi na la kahawia zimesimama angani, na kwenye ncha zake mwanga mwanga. Mzee mmoja wa kutoka Cheptais alisema huo ni moshi wa mabua, yeye huuona kila mwaka baada ya mavuno. Mama mmoja wa mboga akasema si moshi, ni malaika wamesimama foleni. Jamaa aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi Webuye alipapasa pembe ya gazeti, akasema hajui mambo ya nyota lakini karatasi yenyewe ni safi. Vijana wa stendi walisema hiyo ni kazi ya kompyuta bana, tusidanganywe. Lakini hata hao hawakuondoka. Walirudi saa ya chakula wakaitazama tena.

Mimi nilinunua gazeti, nikasoma yote nikiwa nimesimama. Liliandika kwamba ndani ya mawingu yale nyota zinazaliwa. Liliandika pia kwa nini darubini sasa inaona: watu walipanda juu wakaifuata hukohuko inakozunguka, wakaiwekea vioo vidogo vya kurekebisha kasoro ya kile kikubwa. Nilisoma hapo mara mbili, nikakunja gazeti nikalitia kifuani.

Desemba kwetu ndio mwezi wa kubandika magazeti. Nje ya nyumba unapaka udongo upya, na ndani kuta zote zinavishwa magazeti kwa gundi ya unga wa ngano, ili wageni wa Krismasi wakute pameng'aa na wapate cha kusoma wakingoja chai. Nilifunga cherehani nikaenda nyumbani kumsaidia Mama. Alikuwa anabandika kwa kupapasa, na mwaka huo nusu ya mawaziri wa magazetini walisimama kichwa chini. Nikampa ule ukurasa.

"Hii nataka ikae mahali pazuri," nikamwambia. "Ni ile darubini yako uliyoipa pole. Sasa inaona."

"Ilipona vipi?"

"Ilivishwa miwani."

Mkono wake wenye gundi ulisimama. "Huko juu?"

"Huko huko juu."

Akafikiri kidogo. "Na huwa wanaivua saa ngapi?"

"Haivuliwi, Mama. Imeivaa mchana na usiku, Jumatatu mpaka Jumatatu, miaka sasa."

"Na nguvu haijaisha?"

"Si hiyo picha ni ya juzi?"

Alipaka gundi ukurasa ule pembe zote nne, akaubandika karibu na mlango, akaulainisha kwa kiganja. Nilijilazimisha kunyamaza, na kwangu hiyo si kazi ndogo.

Jumapili iliyofuata tulirudi kutoka kanisani, Mama akavua viatu. Miwani ilibaki usoni. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ile picha, akasogeza pua karibu hadi ikagusa gazeti.

"Hivi vidoa ndizo nyota?"

"Ndizo."

"Nilidhani unanidanganya ili nifurahi," akasema. Kisha akageuka akatazama kuta zingine, akaniuliza kwa nini nimewaacha wakubwa wa serikali wakining'inia kwa miguu.

Jumatatu asubuhi nilitoka nje nikamkuta uani na miwani, amepiga magoti mbele ya kuku, anawatambua upya mmoja mmoja. Yule aliyemwita mweusi kumbe ni wa madoadoa. Alinitazama mimi akasema pindo la gauni langu limeshonwa kombo, na mimi ndiye fundi. Nilifurahi kutukanwa namna hiyo. Kila siku niliogopa atairudisha sandukuni, na kila asubuhi nikamkuta nayo. Lakini Krismasi ilipita, na kaka hakuwa mtu wa kusahau neno lake.

Alikuja siku ya kazi, kama kawaida yake. Hakuwahi kuja Jumapili, kwa sababu Jumapili aliongoza kwaya ya kanisa lao Bungoma. Pikapu iliingia uani, akashuka na sura ya mtu aliyejiandaa kubishana. Mama alikuwa jikoni karibu na ule ukuta ulioungua, anatia mafuta taa kwenye koroboi. Kaka alisimama mlangoni akatazama. Mafuta yaliingia kwenye tundu yote, hakuna tone lililoanguka. Mama akafunga, akaweka koroboi chini, akafuta mikono.

"Mayi," kaka akasema, maana kwetu mama huitwa hivyo. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Umeshafunga vitu vyako?"

Mama alitoka mpaka kwenye mwanga, akamkaribia, akainua uso. Tangu apasuliwe alikuwa akimpokea mtoto huyu kwa sauti na kwa kushika mkono. Sasa alimtazama polepole, kutoka kidevuni mpaka juu, na mimi ndipo nilipoelewa anachotazama. Alinyoosha mkono akamgusa nywele za karibu na sikio.

"Una mvi," akamwambia. "Na umekuwa baba yako mtupu. Mbona hakuna mtu aliyeniambia?"

Kaka alisimama pale na funguo za pikapu mkononi, mtu mzima wa kuogopewa na wafanyakazi wake wote wa mashine, machozi yanamtoka. Baadaye alivua koti, akauliza nyundo iko wapi, akapanda juu ya jikoni kutengeneza paa. Akiwa huko juu ndipo alipouliza, bila kutuangalia, "Sasa hiyo miwani, Mayi, hutaificha tena mpaka Jumapili?"

"Jumapili wewe uko kwa kwaya," Mama akamjibu kutoka chini. "Nikiificha, nitakuona lini?"

Pikapu ilirudi Bungoma jioni na gunia moja la mahindi nyuma, na kaka yangu peke yake mbele.