Mita za Kioo, Mita za Barabara

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi ya fibre, mukubwa wetu, chef de section, alinipa chupa tupu ya plastiki. Kila kipande cha kioo utakachokata, alisema, tia humu, maana kikiingia mu kidole hautakiona tena. Tangu siku ile sikuiamini fibre. Nilitoka kwenye waya wa shaba, ule ukikatika unaushika kwa mukono. Huu uzi wa kioo unapitisha sauti za muji muzima kwa mwangaza, na wewe hauoni kitu.

Tulipochimba mutaro kwenye barabara ya Kamanyola, muzee Mugisho alikataa tusipite mu mihogo yake. Tulipita kwa nguvu. Kwa hiyo laini ilipokufa, wote tulimuwazia yeye. Na mimi pia, sitaki kudanganya.

Tulikuwa na mashine ya kupima, réflectomètre. Inatuma mwangaza ndani ya uzi na kukuambia hitilafu iko umbali gani. Ilisema kilomita tisa kutoka kituo chetu. Directeur technique akazipima kwa compteur ya pikipiki, ile inayohesabu kilomita, zikaishia palepale mu mihogo. Tulichimba, kebo tukaikuta nzima, ila udongo ulikuwa umelimwa juzi.

"Huyu anajua mahali alipokata," directeur akasema. Muzee akapelekwa cachot, akafungiwa kwa polisi.

Kesho yake asubuhi nikafungua daftari yangu. Kwenye kila shimo tulikuwa tunaacha boucle, yaani kebo ya akiba iliyozungushwa. Mashine inahesabu kioo chote, hata kile kilichozungushwa; barabara haikihesabu. Nikatoa urefu wa boucle zote kwenye hesabu, hitilafu ikarudi nyuma, mbali na mihogo, hadi kwenye boksi moja ya kuungia kebo. Nikaenda, nikaifungua: mwandiko kwenye kifuniko ulikuwa wangu. Ni mimi niliyeifunga vibaya, maji yakaingia.

Niliogopa, jamani. Nilikuwa na watoto wanne na kazi moja. Nilinyamaza siku nzima, na muzee wa watu alilala tena chini, juu ya simenti. Siku iliyofuata ndipo nilisema. Directeur aliamuru muzee aachiwe, mimi nirekebishe, na tusiongee sana.

Sasa niko pensheni, hapa Bagira. Juzi Nabintu, binti wa jirani, ingénieur, alikuja kunieleza kama siku za mbele fibre itasikia hatua za watu juu ya udongo, na mashine yenyewe itasema nani amekaribia kebo. Nikamuuliza kama boucle zetu ziko mu carte yake, ile ramani ya kebo.

"Tonton, système itajifunza," alisema huku anacheka.

Itajifunza kwa nani? Nikamupa daftari. Kisha nikamusimulia namna Mugisho alivyotoka cachot, viatu mukononi, akaniuliza kama ile mashine yetu imesema si yeye.

"Hapana, Papa," nilimujibu. "Ni mimi nimesema."

Muzee aliniangalia sana.

"Na kama ungenyamaza?"