Darasa la Jioni Lilipotinga Kinamasini Jangwani

Sisi wa darasa la jioni hatukuwahi kwenda safari ya shule. Watoto wetu wameshaona twiga na makumbusho. Sisi tuliona ubao tu, tena kwa macho yaliyochoshwa na biashara. Ndiyo maana, tukijiandaa na mtihani wa kidato cha nne, tulimng'ang'ania Mwalimu Rehema atupeleke mahali. Tukangoja aseme Mikumi, kwenye wanyama. Akasema Jangwani, hapa hapa mjini, kwenye kinamasi.

Darasa zima lilicheka isipokuwa Mama Shayo, mama wa Kichaga anayeuza mashuka ya jumla Kariakoo. Kwa hesabu za kichwa hana mpinzani toka Ilala mpaka Uchina. Zamani alijenga huko huko Jangwani, bondeni, mafuriko yakabeba nyumba na bidhaa zote. Akasema kama somo ndilo hilo, bora aache shule. Tulimbembeleza wiki nzima. Mwishowe akakubali kuja, ila mguu wake hautagusa matope.

Jumapili alasiri, Kariakoo. Tulijipanga wawili wawili kama chekechea, watu wazima wenye wajukuu. Mimi nauza viatu vya mitumba Mchikichini, kwa hiyo nilileta gambuti za darasa zima, ukimtoa Mama Shayo aliyezikataa. Nikagawa nzuri zote, nikabaki na mbili za kushoto, na njia nzima nikawa nakata kona bila kupenda. Wapiga debe wakauliza tunaandamana kudai nini. Nikawaambia elimu.

Ukingoni mwa bonde, matete yalisimama marefu kuliko ghorofa, na mbu wa kule, nawaambia, unaweza kumwekea tandiko ukampanda. Ndege yangeyange walitutazama kama wasimamizi wa mtihani. Mwalimu akatufundisha kwamba mahali kama hapa huitwa ardhioevu. Akamwaga ndoo ya maji kwenye udongo mtupu ulioshindiliwa, yakatukimbilia miguuni. Ndoo ya pili akaimwaga kwenye matete. Yakazama taratibu, yakatulia humo humo.

Mama Shayo alikuwa bado kule kwenye lami, mkoba kifuani.

"Na ukiyang'oa matete ukajenga nyumba?" akauliza.

"Maji yatatafuta pa kupita, mama."

"Yatapita wapi?"

Mwalimu akanyoosha kidole kwenye gambuti zetu zilizolowa. Mama Shayo akatazama bonde, kisha akanigeukia. "Mzee wa viatu, hebu niazime hizo."

Nikamwambia zote ni za kushoto. Akasema hajauliza. Nikabaki peku, yeye akaingia topeni akipepesuka, mpaka penye kipande cha msingi wa saruji kilichomezwa na majani.

"Hapa palikuwa jikoni kwangu," akasema. "Miaka yote nalalamika maji yaliingia kwangu. Kumbe mimi ndiye niliyeingia kwao bila hodi."

Mwalimu akamwomba aendelee yeye. Akatufundisha mpaka jua likapoa.

Jioni tulirudi na tope hadi magotini, tukiimba kama timu iliyobeba kombe, Mama Shayo mbele. Matokeo yalipotoka, jiografia alitupita wote. Mimi nami nilifaulu, kwa kishindo kilichosikika Kigamboni.

Gambuti zangu hakurudisha. Juzi nilimkuta dukani na mteja aliyekuwa akijisifu kwamba amepata kiwanja cha bei poa kule bondeni. Mama Shayo akaacha kukunja mashuka, akainama chini ya meza, akazitoa zile mbili za kushoto.

"Vaa, baba," akamwambia. "Twende nikakuonyeshe jiko langu."