Karatasi Iliyosema Hana Mzio

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na kiburi cha mtu aliyejifunza PHP, lugha ya kuandikia programu, peke yake. Zahanati moja ya Likoni ilinikabidhi kompyuta ya mapokezi niwaandikie programu: mgonjwa akifika, karatasi itoke kumwonya muuguzi kama ana mzio wa dawa yoyote. Kila mgonjwa nilimfanya objekti, yaani kifurushi kimoja cha habari zake, nikakiita $mgonjwa. Mambo yakaenda sawa.

Kisha nikaingiwa na wazimu wa usafi. Sehemu ya kukagua mzio nikaihamishia ndani ya funksheni, yaani kijisehemu cha programu kinachojitegemea, ukurasa upendeze. Sikuijaribu tena. Nani wa kunifundisha mimi?

Siku ya tatu, asubuhi, niliketi mapokezi nikipekua nakala za zile karatasi. Ya kwanza: Hana mzio. Ya kumi: Hana mzio. Zote. Nikaifungua programu yangu. Funksheni ni kama nyumba zetu: aliye barazani haingii ndani mpaka akaribishwe. $mgonjwa nilimwacha barazani. Kule ndani funksheni ilikagua jina tupu, ikakuta hakuna kitu, ikaandika salama wala isilalamike. Nilipaswa kumpitisha kwenye mabano ya funksheni, nami sikumpitisha.

Nakala ya mwisho ilikuwa ya mama mdogo, aliyenilea. Nilipokuwa mtoto, penisilini nusura imuue. Nilimwona uso ulivyovimba hadi macho yakapotea. Karatasi yake ilikuwa imetoka muda si mrefu.

Nilikimbia. Nikaingia chumba cha sindano. Muuguzi ameshampaka spiriti, bomba limejaa dawa. Nilipiga ukelele hadi akarudi nyuma.

“Mama, wajua penisilini itakuua! Mbona hukusema?”

Mama mdogo alinitazama kwa upole ulionichoma.

“Nalitaka kusema, mwanangu. Kisha nikasomewa karatasi yako, yasema sina. Nikaona, huyu mwanangu kasoma, ajua kunishinda. Huenda nishapoa.”

Nililia palepale mbele ya muuguzi. Kurekebisha kulichukua neno moja ndani ya mabano. Kisha nikabeba nakala za siku tatu, nikaenda kupiga hodi kwa wagonjwa wale, nyumba moja baada ya nyingine, nikihofia nani atakayenifungulia.